Mkoba Mwepesi wa Mlimani: Tujiandae kwa Usiku Tusioutazamia



Likizo zinapofika, parokia zetu nyingi hupanga matembezi. Wanakwaya huenda kutazama maporomoko ya maji, watoto wa Utoto Mtakatifu hupelekwa msituni pamoja na walezi wao, na vijana hupanda mlima ulio jirani. Ni jambo jema. Kutembea kwa miguu huimarisha moyo na mapafu, hutuliza akili, na huwapa wazazi na watoto nafasi ya kuzungumza bila haraka.

Hata hivyo, yafaa tuseme wazi kuhusu hatari moja. Mtu anayekwenda kileleni Kilimanjaro, meta 5,895, hujiandaa sana. Huwa na siku tano au zaidi, wapagazi, kiongozi, mavazi mazito na chakula cha kutosha. Lakini yule anayekwenda kutwa tu, kwa mfano kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara na kurudi jioni, mara nyingi huchukua chupa moja ya maji na simu. Hujiambia, "Jioni nitakuwa nyumbani." Hapo ndipo penye hatari: asiyekusudia kulala mlimani ndiye asiye na chochote cha kumvusha usiku, iwapo mguu utateguka au njia itampotea.

Mwezi huu basi tuzungumzie mkoba mdogo wa akiba. Hatusemi habari za vifaa vya gharama kubwa. Vingi vimo ndani ya nyumba zetu, na vingine hupatikana sokoni.

Kwa nini mambo huharibika?

Tuchukue mfano. Familia ya watu sita inaanza kupanda saa 4 asubuhi, jua likiwaka. Wamevaa fulana na suruali za jinzi. Saa 8 mchana wamefika, wanapiga picha na kula. Saa 9 wanaanza kushuka, na mvua inaanza. Njia inateleza, mama anateguka kifundo cha mguu. Mwendo wa saa moja sasa unachukua saa tatu. Huku kwetu karibu na Ikweta giza halichelewi. Maeneo ya Kilimanjaro jua huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni, kufuatana na majira, na baada ya nusu saa ni usiku. Ndani ya msitu mnene giza hutangulia zaidi.

Tazama, hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Hakuna aliyeanguka gengeni wala aliyekutana na nyati. Ni mguu uliteguka, mvua ikanyesha, jua likazama. Mambo hayo matatu yakikutana, watu sita wamelowa wako gizani na watoto wanatetemeka.

Tukumbuke pia kwamba siku zetu za matembezi mara nyingi huangukia majira magumu. Jumatatu ya Pasaka huwa ndani ya masika. Likizo ya Juni ni wakati wa baridi. Desemba, mvua za vuli huweza kuwa bado zinaendelea. Msitu wa kusini mwa Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo kulowa huko si ajali.

Baridi huua hata Afrika

Wengi wetu hudhani kwamba baridi ya kuua iko Ulaya. Si kweli. Kila tunapopanda meta 1,000, joto la hewa hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 za Sentigredi. Mandara iko karibu meta 2,700, yaani zaidi ya meta 1,800 juu ya mji wa Moshi. Hivyo, mjini watu wakiwa na nyuzi 28, pale juu huenda zikawa 17, na usiku zikashuka mno. Milima ya Uluguru, Usambara, Upare na ile ya Njombe ina hali ya namna hiyo hiyo, kila mmoja kwa urefu wake.

Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, mwili huanza kushindwa kazi. Nguo iliyolowa, hasa ya pamba kama fulana na jinzi, hunyonya joto la mwili haraka kuliko nguo kavu, na upepo huzidisha. Si lazima pawe na theluji. Mvua, upepo na uchovu vyatosha.

Dalili zake ni hizi: kwanza mtu hutetemeka sana na vidole hufa ganzi. Kisha hujikwaa ovyo, hushindwa kufunga vifungo, huongea kama mlevi, hununa au hutaka kukaa tu na kulala. Mtu aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka ilhali bado amelowa na anazidi kulegea, msifurahi mkidhani amepona. Hapo hali ni mbaya sana.

Maadui wanne

Mkoba wetu unapaswa kupambana na maadui wanne kwa utaratibu huu: baridi na mvua, giza, kiu, na majeraha. Njaa twaiweka mwisho. Binadamu aweza kuishi siku nyingi bila chakula, na siku chache bila maji. Lakini akilowa kwenye baridi kali, saa chache zaweza kumtosha. Watu wengi hufungasha kinyume: chakula sufuria mbili, sweta hakuna.

1. Baridi na mvua

Sweta moja la sufu, au la nyuzi nzito za nailoni. Masoko ya mitumba yamejaa sweta za namna hiyo. Zikilowa kidogo bado hutia joto, na hukauka upesi kuliko pamba. Ongeza kofia ya sufu na soksi kavu. Vifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, visije vikalowa kabla ya kuhitajiwa.

Koti jepesi la mvua.

Kipande cha nailoni nene, meta 2 kwa 2, kama ile inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo na ya vifaa vya ujenzi. Uzito wake ni kama nusu kilo. Nailoni hii ni paa, ni mkeka na ni kizuizi cha upepo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na haitufai kwa kazi hii hata hivyo. Mwenye uwezo anaweza kununua blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa kama fedha. Likikunjwa huingia mfukoni, na uzito wake ni gramu chache tu.

Kanga moja. Akina mama wanaijua thamani yake. Kanga huning'iniza mkono uliovunjika, hufunga kifundo kilichoteguka, hubeba mtoto mgongoni, hufunika kichwa juani, huchuja maji yenye takataka. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya kazi zote hizo.

2. Giza

Tochi ndogo, iliyo bora ni ile ya kuvaa kichwani, maana huacha mikono yote miwili huru. Jaribu betri kabla ya kuondoka na uchukue nyingine za akiba. Tochi ya simu isihesabiwe. Simu ina kazi yake ya kupiga, nayo betri ikiisha mmekosa vyote viwili.

Filimbi, moja kwa kila mtu, hata mtoto, ikiwa imefungwa kwa kamba shingoni. Sauti ya kuita hukauka baada ya muda mfupi. Filimbi haichoki na husikika mbali zaidi. Ishara ya kuomba msaada milimani ni kupuliza mara 6 ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia. Anayejibu hupuliza mara 3 kwa dakika. Mwangaza wa tochi wafuata hesabu hiyo hiyo. Wafundisheni watoto kwamba filimbi hii si ya kuchezea.

Kiberiti ndani ya kichupa kinachofunga vizuri. Hiki ni cha mahali ambapo moto unaruhusiwa tu. Ndani ya hifadhi tusiwashe moto ovyo. Oktoba 2020 moto mkubwa uliunguza uoto wa Kilimanjaro kwa siku kadhaa. Tena kuni mbichi za msituni haziwaki kirahisi mvuani. Tegemea sweta na nailoni.

3. Kiu

Mtu mzima achukue lita 2 za maji, mtoto lita 1 au zaidi kulingana na umri. Tumia chupa ngumu ya kujaza tena. Weka pia vidonge vya kutibu maji na ufuate maelezo ya pakiti, hasa kuhusu muda wa kusubiri kabla ya kunywa. Maji ya kijito cha mlimani huonekana safi kama kioo, lakini macho hayaoni vijidudu. Weka na pakiti moja ya ORS. Isipokuwepo, chukua vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vilivyofungwa pamoja. Vikorogwe katika lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kurundika.

4. Majeraha

Bendeji mbili za kuvutika, vipande vya shashi safi, plasta, pini chache kubwa, kisu kidogo, glovu, na vidonge vichache vya parasetamoli. Angalieni tarehe ya mwisho ya dawa. Tusijaze mkoba kwa antibiotiki zilizobaki kabatini. Hazina kazi huko.

Kisha chakula kidogo cha akiba ambacho hakiguswi mchana: karanga, kashata, tende au sukari guru, kiasi cha gramu 300. Mwili unaotetemeka huunguza sukari nyingi.

Uzito wa vyote hivi, bila maji, hauzidi kilo 2 na nusu. Huo ni uzito wa pakiti moja ya unga wa kilo 2 na nyongeza kidogo. Tunasisitiza uzito kwa sababu mkoba mzito huachwa kwenye basi, au hukabidhiwa kijana mmoja mwenye nguvu. Naye kijana mwenye nguvu hutembea mbele, mvua ikinyesha yuko kilomita mbili mbali na aliyeumia. Kwa hiyo kila mtu abebe sweta lake, koti lake, maji yake na filimbi yake. Nailoni na dawa zigawanywe kwa watu wazima wawili, mmoja akitangulia na mwingine akiwa wa mwisho kabisa.

Wenye mahitaji ya pekee

Viongozi wa vikundi wawaulize wazazi mapema, kwa upole na kwa siri, kama kuna mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu.

Mwenye selimundu yuko katika hatari zaidi kuliko wenzake. Baridi, kiu, uchovu mwingi na hewa nyembamba ya juu huweza kumletea maumivu makali. Apate kwanza ushauri wa daktari wake. Na akiruhusiwa, achague njia fupi ya chini, anywe maji mara kwa mara na asilowe.

Mwenye kisukari awe na dawa zake na kitu kitamu mfukoni, si ndani ya basi. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Baridi na kupanda mlima huweza kuamsha pumu. Mwenye kifafa, mwenye shinikizo la damu na kila anayemeza dawa kila siku abebe dozi ya siku moja zaidi. Na mwenzake mmoja ajue dawa hizo ziko mfuko upi.

Kuanzia kiasi cha meta 2,500, baadhi ya watu huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa sababu ya uhaba wa hewa. Dawa yake ni kupumzika na kutopanda zaidi. Hali ikizidi, ashuke mara moja, tena asishuke peke yake.

Kabla ya kuondoka

Kuna jambo jingine lisilo na uzito hata gramu moja: kuaga. Andika kwenye karatasi majina ya wote, njia mtakayopita, saa ya kurudi na namba za simu. Iache kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa katekista au kwa jirani. Mwambie, "Tusipokupigia hadi saa 1 usiku, toa taarifa." Mkiingia hifadhini, fuateni taratibu za langoni na mwende na kiongozi. Mitandao ya simu huko msituni hukatika, hivyo mtu wa nyumbani anayejua mlikokwenda aweza kuwa ndiye atakayeleta msaada. Simu zijazwe chaji, nyingine zizimwe njiani. Tanzania namba ya dharura ya polisi ni 112.

Anzeni mapema, saa 1 au 2 asubuhi. Wekeni saa ya kugeuka, mathali saa 7 mchana. Ikifika, geukeni hata kama mlikokusudia panaonekana. Hesabuni watu kila mnapopumzika. Mwendo wa kundi uwe wa yule anayetembea polepole kuliko wote.

Usiku ukiwakuta

Mkitambua kwamba mmepotea, simameni. Msitawanyike kutafuta njia. Msifuate mto kushuka; mito ya milimani hupita kwenye makorongo na maporomoko, na gizani hamtayaona.

Tafuteni mahali pasipo upepo, mbali na mkondo wa maji na miti iliyokauka. Vueni nguo zilizolowa na kuvaa kavu. Tandikeni majani makavu au mikoba chini, maana ardhi hunyonya joto kama maji. Ketini mmebanana, watoto katikati, na nailoni ikiwafunika wote juu na mgongoni. Iacheni wazi upande wa mbele ili hewa ipite, na msifunike nyuso za watoto. Kuleni kidogo kidogo. Pulizeni filimbi kwa hesabu tuliyoitaja. Anayetaka kwenda haja asiende peke yake.

Mtu aliyepoa sana ashikwe kwa upole. Mpeni nguo kavu, mfunikeni kichwa, mpasheni joto kifuani na mgongoni kwa miili yenu. Kama ana fahamu na anameza vizuri, apewe kitu kitamu. Msimsugue mikono na miguu, na msimpe pombe. Pombe hudanganya: mtu husikia joto kwenye ngozi huku mwili ndani ukizidi kupoa.

Huduma chache za kwanza

Mguu uliteguka: pumzika, funga bendeji au kanga, uinue. Vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, legeza. Kama hawezi kukanyaga kabisa, mchukulieni kama aliyevunjika. Fungeni vijiti pande mbili na mbebeni.

Damu inatoka: bana jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, dakika 10 bila kuchungulia.

Nyoka ameuma: msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msipoteze muda kwa jiwe jeusi. Vua pete na viatu kabla ya uvimbe, tuliza kiungo kama kilichovunjika, mbebeni hadi hospitali. Msimfukuze nyoka ili kumwua. Mtaongeza mgonjwa wa pili.

Nyuki: ondokeni haraka, kisha kwangua miiba upesi. Akivimba uso au akishindwa kupumua, hospitali bila kungoja.

Mkirudi nyumbani salama, kaziki moja imebaki. Anikeni nailoni na sweta, jazeni kilichotumika, kisha utundikeni mkoba kwenye msumari wake. Utakuwa tayari kwa matembezi yajayo, na hata kwa siku gari litakapoharibika porini usiku. Akiba haiozi.

Wazazi, Jumapili hii baada ya chakula, mwageni vitu hivi mezani pamoja na watoto. Kila mtoto ajifunze kuhesabu filimbi sita, ajue sweta lake liko wapi, na aulize kila anachotaka kuuliza. Tunawatakia matembezi mema yenye afya, na kurudi nyumbani wote, kwa idadi ile ile mliyoondoka nayo.